MTOTO HAKUCHOKA, ALIKOSA HEWA

Mwezi huu naomba tuzungumze juu ya neno moja tu. Neno lenyewe ni "kuchoka". Kila mama aliyepata kulala katika wodi ya wazazi amelisikia. Mtoto amezaliwa, hakulia, wauguzi wamekimbia naye pembeni, na baada ya muda mrefu anakuja mmoja wao kumwambia mama kwa sauti ya chini, "Mtoto amezaliwa amechoka kidogo." Mama anaitikia, bibi anaitikia, na nyumbani majirani wanaambiwa hivyo hivyo. Mimi mwenyewe nilikuwa mkunga kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na neno hilo nimelitumia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Leo nasema kwamba lingefaa liondoke vinywani mwetu, na nitaeleza sababu.

Jumapili moja baada ya Misa ya pili, mama mmoja kijana alinifuata nje ya kanisa, mtoto mgongoni. Akaniamkia, nikamwitikia, kisha akasema, "Mama, naomba uniangalizie mtoto." Alimfungua kutoka kwenye kanga. Mtoto alikuwa na umri wa miaka miwili na nusu, lakini shingo ilikuwa bado inaanguka, na miguu ilikuwa imekakamaa na kukatana kama mkasi. Nilimwuliza alizaliwaje. Akanijibu, "Alizaliwa amechoka, mama. Wakaniambia atapata nguvu." Basi kwa miaka miwili na nusu binti yule alikuwa akingoja uchovu wa mtoto uishe. Nyumbani kwao, mama mkwe alikwisha kusema kwamba kuna mkono wa mtu. Mume alikuwa ameuza mbuzi wawili kwa ajili ya waganga. Hakuna aliyewaambia jambo la kweli, kwamba mtoto yule hakuchoka hata kidogo. Alikosa hewa.

Tuelewane kwanza jinsi mtoto anavyopata hewa kabla hajazaliwa. Akiwa tumboni hapumui kwa mapafu. Oksijeni anaipata kwa mama yake kwa njia ya kondo la nyuma na kitovu. Kila uchungu unapobana, mfuko wa kizazi unaminya mishipa ya damu inayokwenda kwenye kondo, na kwa muda mfupi hewa inapungua. Mwenyezi Mungu amemwumba mtoto awe na akiba ya kuvumilia hapo, kisha uchungu unaachia naye anapata hewa tena. Shida huja pale ambapo mapumziko kati ya uchungu na uchungu hayatoshi, au uchungu umechukua siku mbili, au kitovu kimetangulia na kubanwa, au kondo limebanduka kabla ya wakati, au kizazi kimepasuka. Hapo akiba inakwisha, na kiungo kinachoumia vibaya kuliko vyote ni ubongo.

Kwa nini ubongo? Kwa sababu ubongo ni mlaji mkubwa. Kwa mtu mzima ubongo ni kama kilo moja na nusu tu, yaani sehemu ndogo sana ya mwili. Lakini kwa mtoto mchanga ni kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake wote, na hauna ghala la kuwekea chakula chake. Chembe hai za mishipa ya fahamu zinafanana na mtumbwi unaovuja. Maji ya chumvi yanaingia wakati wote, na chembe lazima ifanye kazi mfululizo ya kuyatoa nje. Nguvu za kazi hiyo zinatokana na oksijeni na sukari iliyomo katika damu. Oksijeni ikikatika, mtoa maji anaishiwa nguvu, chumvi na maji vinajaa, chembe inavimba, na inapokaribia kufa inamwaga kemikali zinazozichochea chembe za jirani nazo zife.

Sasa nawaomba mnisikilize vizuri hapa, maana hili hata baadhi ya wauguzi hulisahau. Maumivu ya ubongo hayaji mara moja tu. Yanakuja kwa mawimbi mawili. Wimbi la kwanza ni pale mtoto anapokosa hewa. Akisaidiwa akapumua, rangi inarudi, moyo unapiga vizuri, na kila mtu anashukuru. Baada ya hapo huwa kuna utulivu wa saa kama sita hivi. Kisha, kwa mtoto aliyeumia sana, wimbi la pili linaanza, na chembe ambazo zilionekana zimepona zinakufa katika siku moja au mbili zinazofuata. Ndiyo maana mtoto anaweza kuonekana mzima jioni, na kesho yake akaanza degedege. Nalo degedege la mtoto mchanga halifanani na lile la mtoto mkubwa mwenye homa. Mara nyingi ni kukodoa macho upande mmoja, kuchezesha midomo kana kwamba ananyonya wakati hanyonyi, kuendesha miguu kama anayepiga baiskeli, au kuacha kupumua kwa muda. Mama anayeharakishwa kurudi nyumbani baada ya saa sita wakati mtoto wake "alichoka" anapaswa kukataa. Asione haya, abaki.

Na sasa juu ya hizo nguvu zinazongojewa. Mtoto aliyeumia ubongo kwa kukosa hewa kwa kawaida huanza akiwa mlegevu kama kitambaa kilicholowa. Misuli yake haina ugonjwa wowote. Kinachokosekana ni amri, maana misuli hufanya kazi kwa amri ya mishipa ya fahamu, na mtoa amri amejeruhiwa. Miezi inapita. Halafu miguu inaanza kuwa migumu, mikono inakunja ngumi, mgongo unajipinda nyuma. Familia inafurahi! Nimewasikia kwa masikio yangu wakisema, "Sasa anapata nguvu." Lakini huo ugumu si nguvu. Katika ubongo mzima zipo amri za kukaza na amri za kulegeza, na zile za kulegeza zikiharibika, msuli unabaki umekaza bila mtu wa kuuambia uachie. Huo ndio mwanzo wa ule ulemavu tunaouita mtindio wa ubongo, na miezi ile ya furaha isiyo na msingi ndiyo iliyokuwa miezi bora ya kuanza mazoezi.

Sisemi kwamba kila mtoto mwenye mtindio wa ubongo aliharibiwa wakati wa kuzaliwa. Ubishi huu ni wa zamani. Daktari Mwingereza, William John Little, aliwaeleza wenzake wa London mwanzoni mwa miaka ya 1860 kwamba uzazi mgumu ndio chanzo cha watoto kukakamaa. Mwaka 1897 Sigmund Freud, yule aliyekuja kujulikana kwa mambo ya nafsi, aliandika kwamba mara nyingine shida imeanza tumboni, na uzazi mgumu ni dalili yake tu. Wote wawili walikuwa na haki. Kuna watoto walioumia kwa maambukizo ya mama wakati wa mimba, kwa kuzaliwa njiti, kwa manjano kali, kwa malaria au homa ya uti wa mgongo baadaye. Kwa hiyo asije mtu baada ya kusoma ukurasa huu akaenda kumgombeza mkunga wake. Hata hivyo, kuna fungu la watoto ambao wangeweza kuokolewa, na uokoaji wao ulikuwa suala la dakika.

Nitawasimulia lililonipata. Nikiwa bado kazini, katika kituo kimoja ambacho sitakitaja, usiku mmoja alizaliwa mtoto wa kiume asiyelia. Nilimkausha, nikamsugua mgongo, kimya. Nikahitaji ule mfuko wa mpira wenye kinyago cha kuwekea juu ya pua na mdomo, ambao sisi wakunga huuita Ambu. Kituo kilikuwa nao, tena mpya kabisa. Ulikuwa ndani ya kabati la kufuli kwa sababu ni mali iliyoandikwa kwenye leja, na ufunguo ulikuwa nyumbani kwa mkuu wa kituo ili usiibiwe. Nilimpulizia mtoto kwa mdomo wangu huku mhudumu akikimbia gizani kuufuata ufunguo. Ulipofika zilikuwa zimepita dakika zaidi ya kumi. Mtoto aliishi siku mbili. Asubuhi ile nilimwambia mama yake neno lile lile: amechoka. Nilishindwa kumwambia habari za ufunguo. Mfuko ule haukuibiwa, naam.

Sasa wataalamu wamepima thamani ya dakika hizo, tena hapa hapa nchini. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, watafiti walikaa na saa mikononi wakiangalia watoto wanavyosaidiwa. Mwaka 2012 walitangaza kwamba kila nusu dakika ya kuchelewa kuanza kumpulizia hewa mtoto asiyepumua iliongeza kwa asilimia 16 hatari ya mtoto huyo kufa au kulazwa kwa muda mrefu. Nusu dakika! Ni muda wa kusali Baba Yetu mara moja. Mwaka 2013 yakatolewa matokeo ya mafunzo ya kuwasaidia watoto kupumua yaliyofanyika katika hospitali 8 za Tanzania: vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilishuka kwa asilimia 47, na wale waliohesabiwa kuwa wamezaliwa wafu papo hapo walipungua kwa asilimia 24. Tafakarini hilo la mwisho. Maana yake ni kwamba baadhi ya watoto tuliokuwa tukiwafunika na kuwaweka pembeni kama wafu walikuwa hai, wakingoja mtu wa kuwapa pumzi. Mwaka 2025 zilitolewa habari nyingine njema, kutoka vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, ambako wakunga wamekuwa wakijizoeza mara kwa mara palepale kazini kwa kutumia mwanasesere, badala ya kwenda semina mara moja na kusahau. Vifo vya watoto huko vimepungua tena.

Tena kazi yenyewe haihitaji mitambo. Katika kila watoto kumi wanaozaliwa, kama mmoja hivi anahitaji msaada fulani ili aanze kupumua. Wengi wao hupumua kwa kukaushwa vizuri kwa kitambaa chenye joto na kusuguliwa mgongo. Wachache wanaobaki wanahitaji mfuko na kinyago, pumzi kama 40 kwa dakika, na kazi hiyo ianze kabla dakika ya kwanza haijaisha. Watu hushangaa nikiwaambia kwamba mtungi wa oksijeni hauhitajiki kuanzia. Shirika la Afya Duniani limeelekeza kwamba mtoto aliyetimiza miezi yake aanziwe kwa hewa hii ya kawaida tunayoivuta sote. Mtoto amekosa oksijeni, nayo imejaa chumbani mle. Kinachotakiwa ni mkono wa kuiingiza kifuani mwake.

Kinachomdhuru ni yale tuliyozoea. Kumning'iniza kichwa chini na kumpiga makofi, kumkamua kifua, kumwagia maji ya baridi ili ashtuke. Yote hayo yanakula dakika, na baridi inamwumiza zaidi. Hapo labda msomaji aliyesoma magazeti ataniuliza mbona huko Ulaya watoto waliokosa hewa wanapoozwa makusudi. Ni kweli. Katika hospitali zao zenye mashine za kila aina, mtoto huanza kupoozwa kabla saa 6 hazijapita, hufikishwa nyuzi 33 hadi 34 za joto, na hukaa hivyo kwa saa 72, ili kulizuia lile wimbi la pili nililolitaja. Lakini njia hiyo ilipojaribiwa katika hospitali za India, Sri Lanka na Bangladesh, matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kwamba haikuwasaidia watoto wa huko, na waliopoozwa walikufa wengi zaidi. Kwetu basi, kifua cha mama na kitambaa kikavu ndiyo dawa ya baada ya pumzi, na kuoga kungoje angalau siku moja.

Lipo jambo jingine linalotuhusu sisi Wakatoliki. Mtoto akizaliwa hapumui, mkunga muumini hukimbilia kumbatiza, na Sheria ya Kanisa inasema wazi kwamba mtoto aliye katika hatari ya kufa abatizwe bila kuchelewa, na kwamba katika shida mtu yeyote mwenye nia njema anaweza kubatiza. Sina ugomvi na hilo, nimebatiza wengi. Lakini nimeona mahali ambapo mikono miwili iliyokuwepo chumbani ilikwenda kutafuta maji, wakati mtoto hajapuliziwa hata pumzi moja. Kwa maoni yangu anayejua kupulizia apulizie, na mwingine, hata kama ni shangazi aliyemsindikiza mzazi, amwage maji kidogo ya uvuguvugu kichwani na kutamka maneno. Ni sekunde chache, wala mfuko hauna haja ya kusimama. Na baada ya hapo, mtoto akifa, tusiwe wepesi wa kusema "ni mapenzi ya Mungu". Tunaposema hivyo mbele ya kabati lililofungwa tunamsingizia.

Kwa upande wa familia, yako mambo mawili yanayonikera. La kwanza ni dawa za kuongeza uchungu. Akina mama wanazileta wodini zimefungwa kwenye pindo la kanga, nyingine za mizizi, nyingine vidonge vilivyonunuliwa dukani bila cheti. Bibi amempa ili "asiteseke". Dawa hizo zinaweza kufanya kizazi kibane bila kuachia, na nimekwisha kueleza kwamba mtoto anapata hewa wakati uchungu unapoachia. Mkunga hajui kilichonywewa, anasikiliza moyo wa mtoto na kuukuta unadidimia bila sababu anayoiona. Mabibi wenzangu, tafadhali. Hata ile sindano ya hospitali ya kuongeza uchungu ni ya kutumiwa kwa mizani na kwa uangalizi, si ya kuombwa na ndugu walioko dirishani kwa sababu giza linaingia.

La pili ni kungoja. Mama anaanza uchungu Alhamisi, baba yuko kilabuni au ameenda mnadani, na mpaka ipatikane pikipiki ni Ijumaa mchana. Anayeishi mbali na aende mapema, wiki zile za mwisho, akakae kwa ndugu au katika nyumba ya kusubiria, zile zinazoitwa chigonela. Akishafika, moyo wa mtoto usikilizwe kila nusu saa, na wakati wa kusukuma kila baada ya dakika 5. Wengi wetu tulifanya hivyo kwa kile kibomba tu, na kinatosha kama sikio lipo. Siku hizi kuna na kifaa cha umeme kinachofungwa tumboni kwa mama, ambacho kimetumika Haydom na Dar es Salaam, na waliokitengeneza wamekipa jina la Kiswahili, Moyo.

Na watoto ambao wimbi limekwisha kuwapitia? Wapo katika kila jumuiya ndogondogo, ila hatuwaoni kwa kuwa wamefichwa chumba cha nyuma. Chembe iliyokufa hairudi, na yeyote anayeuza dawa ya kuirudisha ni mwizi. Lakini ubongo wa mtoto mdogo una uwezo wa kutafuta njia nyingine, na uwezo huo ni mkubwa zaidi katika miaka ya mwanzo. Mtoto aliyelegea asingojwe. Akifika miezi 4 shingo haijasimama, au miezi 9 hakai, au anakunja ngumi wakati wote, apelekwe hospitali yenye wataalamu wa mazoezi ya viungo. Wasimlishe akiwa amelala chali, maana uji unaingia mapafuni, na wengi wa watoto hawa hufa kwa nimonia wala si kwa ulemavu wao. Mwenye degedege apewe dawa kila siku, isikatizwe. Tena wengi wanaelewa kila kitu tunachosema mbele yao, ingawa hawawezi kutujibu.

Nina ombi moja kwa kamati za afya za parokia na serikali za vijiji. Tumezoea kuuliza zahanati zetu kama kuna dawa za malaria na kama choo kimekwisha. Ongezeni swali moja: mfuko wa kumpulizia hewa mtoto uko wapi? Mkionyeshwa kabati, ulizeni ufunguo anao nani. Mahali pake ni juu ya meza ya mtoto, karibu na kitanda cha kuzalia, usiku na mchana, na kinyago cha mtoto aliyetimia na cha njiti. Ulizeni pia ni lini mkunga alijizoeza mara ya mwisho.

Yule binti wa Misa ya pili nilimpeleka mwenyewe kwa mtaalamu wa mazoezi katika hospitali ya wilaya. Babu wa mtoto, ambaye ni seremala, amemchongea kiti chenye mikono na mkanda wa kifuani, na sasa mtoto anakula akiwa amekaa, na shingo yake inasimama kwa dakika chache. Akimsikia baba yake mlangoni anacheka. Mama yake ana mimba nyingine, ya miezi saba. Juma lililopita alikuja kuniaga, anahamia kwa dada yake aliye karibu na hospitali. Akaniuliza, "Mama, na nikifika kule nikiuliza habari za mfuko, wauguzi hawatanikasirikia?" Nikamwambia watakasirika kidogo, lakini aulize.